Kifua kinachobana ukitembea, kikaachia ukisimama

Baba yangu mdogo alikuwa na mti wake. Ni mwarobaini ulio pembeni mwa barabara ya vumbi, kati ya nyumbani kwake Chang'ombe na soko la Majengo hapa Dodoma. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alisimama chini ya mti huo kila asubuhi. Atasalimia wapita njia, atauliza mvua imenyesha wapi, atarekebisha kofia, halafu ataendelea na safari yake. Nyumbani tulisema mzee siku hizi amependa mazungumzo.

Siku niliyomsindikiza ndipo nilipouona mkono wake. Alikuwa amekunja ngumi na kuiegemeza katikati ya kifua, sawa na kifungo cha tatu cha shati. Mdomo ulikuwa unaongea na muuza mkaa, lakini paji la uso lilikuwa limelowa jasho. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, na sote tunaoishi hapa tunaujua upepo wa mwezi wa saba.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Ni hii chembe tu. Ikinikamata nasimama, inaniachia."

Kufikia siku hiyo alikuwa ameshatibiwa vidonda vya tumbo mara tatu. Alikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa dawa za gesi na za kupunguza asidi, na aliambiwa aache maharage, pilipili na ugali wa mtama alioula tangu utotoni. Aliacha vyote. Chembe haikuacha. Sikulaumu zahanati ile peke yake, na sitaitaja, maana hata sisi wanawe tulikaa naye mezani mwaka mzima bila kumuuliza swali moja ambalo lingetupa jibu: inakukamata ukifanya nini, na inakuachia ukifanya nini?

Neno lake lile, "inaniachia", ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwetu ugonjwa ni kitu kinachokulaza. Mtu akishindwa kuamka, hapo amekuwa mgonjwa, majirani wanakuja, nauli inatafutwa. Maumivu yanayoondoka dakika tatu baada ya kusimama hayahesabiki. Mtu anamshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Sasa uko ugonjwa mmoja ambao kuachia kwake ndiyo dalili yake kubwa. Ukikuachia kila unaposimama, umeshajitambulisha. Madaktari wanauita anjaina, nasi tunaokwenda kliniki tunausikia, pale tunapobahatika kuusikia, kama "kubanwa na kifua kwa sababu ya moyo".

Mtu wa kwanza kuueleza vizuri ni daktari Mwingereza William Heberden, mbele ya madaktari wenzake wa London mwaka 1768. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1772. Jina alilolichagua lina asili ya neno la Kilatini la kukaba, kukaba roho. Heberden hakuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo, hakuwa na eksirei, hata kipimo cha presha tunachokifunga mkononi kilikuwa bado hakijabuniwa. Alichokuwa nacho ni wagonjwa wanaoongea na subira ya kuwasikiliza. Akaandika kwamba watu hawa hukamatwa wakiwa wanatembea, hasa wakipanda mlima na hasa baada ya kula, na kwamba wakisimama tu maumivu yote hutoweka. Ningempeleka Heberden chini ya mwarobaini wa Chang'ombe, angemtambua baba mdogo kabla hajamaliza kusalimiana na muuza mkaa.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kwa ugonjwa huu mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo. Kipimo cha umeme wa moyo kikifanywa amelala kitandani, ametulia, maumivu yameshaondoka, mara nyingi karatasi itatoka safi. Daktari atasema moyo uko vizuri, na mgonjwa atarudi nyumbani na karatasi hiyo kama cheti cha kwamba ni gesi. Kilichopotea hapo ni maelezo. Kwa hiyo kumfundisha mgonjwa kuyajua maumivu yake, kuyapima na kuyaeleza ni sehemu ya uchunguzi na ni sehemu ya tiba. Tumelifanya kuwa jambo la kujazia muda wakati tunasubiri daktari afike.

Kinachotokea ndani ya kifua si kigumu kukieleza kwa watu wa Dodoma, kwa sababu tunaishi na maji ya chumvi. Kila mama anaujua ule ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika, na kila fundi bomba ameshakata mpira wa zamani akakuta tundu limebaki dogo kama la kalamu. Moyo ni pampu inayosukuma damu mwili mzima, nao pia unahitaji damu yake, inayoletwa na mishipa midogo inayouzunguka. Miaka ya presha, sukari, sigara na mafuta mengi katika damu hujenga ukoko ndani ya mishipa hiyo. Ukiwa umekaa, damu inayopita inatosha, kama vile usiku bomba moja likifunguliwa maji yanatoka vizuri. Ukipanda kilima, ukibeba mzigo, ukigombana na mtu, moyo unadai damu nyingi zaidi, na ule mpira mwembamba hauwezi kuileta. Msuli wa moyo unalia. Ukisimama, madai yanapungua, kilio kinanyamaza. Ukoko uko palepale.

Kwa nini basi tunaukosa? Neno "chembe" limechangia. Wazee wetu waliita mahali pale chini ya mfupa wa kifua chembe ya moyo, na wakawa wameweka moyo ndani ya jina. Sisi tumelifupisha, tumeutoa moyo, tumebaki na chembe, na chembe ikiuma tunakwenda duka la dawa kununua dawa ya vidonda. Maumivu ya anjaina mara nyingi hukaa katikati ya kifua na kuenea kwenye bega, mkono wa kushoto, shingo, taya au mgongo, lakini yanaweza kukaa palepale kwenye chembe. Na kwa kuwa huja upesi ukitembea baada ya mlo mzito, mgonjwa anasema kwa uhakika kabisa kwamba ni chakula. Hadanganyi. Amekiona nusu ya chanzo. Nusu ya pili, kutembea, hakuna aliyemuuliza.

Kuna pia namna tunavyotafsiri. Mgonjwa wa anjaina mara nyingi hasemi "nauma". Anasema kifua kizito, kimejaa, kimefungwa kamba, nimewekewa gunia. Nimeona kwa macho yangu muuguzi akimuuliza mama mmoja, "Una maumivu ya kifua?" Mama akajibu, "Hapana." Muuguzi akaandika hapana. Nje ya mlango mama yuleyule akamwambia bintiye kwamba leo jiwe la kifuani limemkamata mara mbili kabla ya kufika getini. Swali lilikuwa sahihi kwa kitabu, na lilikosea kwa mama yule. Ikiwa mgonjwa ni mzee wa Kigogo kutoka kijiji cha ndani huko Bahi au Chamwino, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni, inabidi aulizwe kwa lugha anayoota nayo. Mara nyingi yuko mjukuu kwenye benchi anayeweza kusaidia. Aitwe ndani.

Si kila kifua kinachouma ni moyo, na hili nalo lifundishwe, maana hofu ikisambaa bila maarifa inajaza mabenchi. Kichomi kinachochoma ukivuta pumzi, mahali unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole na pakiminywa panauma, mchomo wa sekunde mbili kama sindano, au kidonda kinachouma wiki nzima mchana na usiku bila kujali unatembea au umelala, hayo huelekea kuwa mambo mengine. Bado yanahitaji daktari, lakini hayana tabia ya mwarobaini. Anjaina huonyeshwa kwa kiganja kizima au kwa ngumi. Inakuja na kazi na inaondoka na mapumziko, kwa kawaida ndani ya dakika chache.

Sasa niseme kuhusu lile somo la asubuhi. Aliyewahi kumpeleka mzazi kliniki ya presha na sukari analijua. Watu wamejaa kwenye mabenchi tangu saa kumi na mbili, wengine wametoka Mpwapwa au Kondoa na wamelala kwa ndugu mjini ili wawahi namba. Muuguzi anasimama mbele, anapaza sauti: punguzeni chumvi, acheni mafuta, fanyeni mazoezi, epukeni msongo wa mawazo, kunyweni dawa kama mlivyoelekezwa. Maswali? Kimya. Haya, namba moja. Sina neno baya kwa muuguzi huyo. Ana wagonjwa wengi kuliko dakika, na kila alichosema ni kweli. Lakini nimekaa kwenye mabenchi hayo mara nyingi, na nikimuuliza jirani yangu baada ya somo akijisikia kubanwa njiani leo afanye nini, jibu ni, "Nitapumzika, nitasali." Baada ya hapo? "Nitawaambia watoto." Hajui dakika ya kuacha kusubiri. Hakuna aliyempa dakika hiyo.

Nchi hii inajua kufundisha inapoamua. Nenda kijiji chochote uulize kikohozi cha kifua kikuu ni kipi, utaambiwa kikohozi cha wiki mbili. Kipimo kimoja chenye namba, kikarudiwa redioni, kwenye mabango na misikitini na makanisani mpaka kikawa mali ya kila mtu. Kifua kinachobana ukitembea na kuachia ukisimama ni sentensi fupi kama ile. Ina kipimo ndani yake. Inaweza kubandikwa ukutani na kusemwa na mtoto wa darasa la nne kwa babu yake.

Baba mdogo alifundishwa kweli siku alipokutana na muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliyemwuliza swali ambalo sijawahi kulisahau: "Mzee wangu, unatembea nguzo ngapi za umeme kabla hakijabana?" Mzee alifikiri. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akataja nyumba ya fulani, duka, mashine ya kusaga, mwarobaini. "Sita," akasema. Muuguzi akaandika sita kwenye daftari lake la kliniki. "Ukirudi mwezi ujao utaniambia ngapi. Zikiwa saba au nane, tunakwenda vizuri. Zikishuka zikawa nne, usisubiri tarehe ya kliniki. Unakuja siku hiyohiyo. Na ikikubana umekaa, hujatembea hata nguzo moja, hiyo si ya kuja kliniki, ni ya kukimbizwa dharura. Haya, niambie mimi sasa. Zikishuka?" Mzee akamwambia. Akamrudishia somo lote, neno kwa neno, na pale alipokosea akarekebishwa, akarudia tena. Yote hayo hayakuchukua dakika kumi.

Ndani ya dakika hizo kuna elimu nzima ya ugonjwa huu. Anjaina iliyotulia ina mpaka unaojulikana, na mgonjwa anaweza kuishi nao miaka. Anjaina inayobadilika, inayokuja kwa kazi ndogo kuliko jana, inayodumu muda mrefu zaidi, inayomwamsha mtu usiku au kumkamata akiwa ameketi, inamaanisha ule ukoko ndani ya mshipa umeanza kupasuka na mshtuko wa moyo uko mlangoni. Madaktari wana majina marefu ya tofauti hiyo. Nguzo za umeme zinaibeba vizuri zaidi kwa mtu asiyesoma, na kule zisikofika, miti na mawe ya njiani yanatosha.

Nitakaa kidogo kwenye kidonge cha chini ya ulimi, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wengi wakikosa msaada huku dawa wanayo mfukoni. Naitrogliserini ni kitu kilekile kilichotumika kutengeneza baruti ya kupasulia miamba, na tangu William Murrell alipoandika juu yake huko London mwaka 1879 imekuwa ikitanua mishipa ya wagonjwa wa anjaina. Inafanya kazi kwa dakika moja mpaka tatu, mradi iwekwe chini ya ulimi iyeyuke. Ukiimeza, ini linaiharibu nyingi kabla haijafika mahali. Mgonjwa akae chini kwanza, kwa sababu presha hushuka ghafla na aliyesimama anaweza kuanguka. Kichwa kitagonga, wakati mwingine sana. Wagonjwa wengi huacha dawa hapo, wakisema imewakataa, kumbe kichwa kinauma kwa sababu ileile ambayo kifua kinaachia: mishipa imefunguka. Mtu akiambiwa hivyo mapema, anavumilia. Asipoambiwa, chupa inabaki kabatini.

Na chupa yenyewe ni somo. Vidonge hivi vinataka chupa yao ya kioo cheusi chenye mfuniko uliokazwa. Tumezoea kuhesabiwa dawa kwenye kijikaratasi au kijimfuko cha nailoni, na kwa vidonge vingine hakuna neno, ila hivi hupoteza nguvu. Joto pia huviua. Dereva wa bajaji anayeviacha kwenye dashibodi juani, au mzee anayeviweka mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili siku nzima, siku ya shida ataweka chini ya ulimi kitu kisicho na kazi. Chupa ikishafunguliwa, kwa kawaida hubadilishwa baada ya wiki nane hivi, hata kama vidonge vimebaki, kwa hiyo tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake. Usitegemee kuikuta dawa hii kila duka la dawa. Inunuliwe kabla ya ile ya zamani haijazeeka.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawalisemi na wauguzi wanaona haya kuliuliza. Dawa za kuongeza nguvu za kiume, za aina ya sildenafili, zikikutana na naitrogliserini zinaweza kuishusha presha mpaka mtu akafa. Lazima yapite masaa yasiyopungua 24 kati yake, na kwa tadalafili ni 48. Dawa hizo zinauzwa waziwazi mitaani, na baadhi ya zinazoitwa za mitishamba huwa zimechanganywa nazo kimyakimya. Hili haliwezi kufundishwa mbele ya benchi lenye mama mkwe. Linataka chumba, mlango uliofungwa, na muuguzi anayeuliza bila kuhukumu. Mzee mwenye wake wawili huko Kongwa ana haki ya kuliuliza na kujibiwa kama mtu mzima.

Kwa wanawake tatizo ni jingine, na naona tunaliweka nyuma mno. Mwanamke, mzee sana, na mtu mwenye sukari ya miaka mingi wanaweza wasibanwe kabisa. Wanaishiwa pumzi, wanachoka kupita kazi waliyofanya, kichefuchefu kinawajia, au taya na mgongo vinauma. Mfikirie mama anayetoka kisimani na dumu la lita 20 kichwani. Hizo ni kilo 20, njia ya kupanda, jua la saa nne. Akisimama, lazima ashushe dumu, na akilishusha peke yake hana wa kumtwika tena. Kwa hiyo hasimami. Wanaume tunasimama chini ya miti tukahesabiwa kuwa wapenda mazungumzo, mama anamaliza njia akiwa amekabwa, anafika nyumbani na kulala dakika kumi, na watu wanasema uzee umemjia mapema. Ukimuuliza kuhusu maumivu ya kifua atasema hapana. Muulize ni kazi gani aliyoifanya mwaka jana bila taabu na sasa hawezi, halafu unyamaze umsikilize.

Mgonjwa akishajulikana, familia zetu hufanya kosa la upendo. Wanamnyang'anya kila kitu. Jembe linafichwa, ng'ombe wanakabidhiwa mjukuu, mzee anawekewa kiti kivulini na kuambiwa atulie. Tunaamini moyo ni kama betri, ukiutumia unaisha. Heberden alimjua mgonjwa mmoja aliyejipa kazi ya kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Mwaka 2002 watafiti wa York huko Uingereza, wakiongozwa na Robert Lewin, walichapisha matokeo ya kuwafundisha wagonjwa wapya wa anjaina kwa mazungumzo na muuguzi na kitabu cha kufanyia kazi nyumbani. Walianza na imani potofu, kwamba kila kubanwa ni mshtuko mdogo wa moyo, kwamba kila kubanwa kunaharibu moyo zaidi, kwamba kupumzika ndiyo dawa. Baada ya miezi sita waliofundishwa hivyo walikuwa wanabanwa mara chache kuliko wenzao waliopewa somo la kawaida la muuguzi, na hofu na unyonge ulikuwa umepungua. Hawakupewa dawa mpya. Mgonjwa anayetembea kila siku chini kidogo ya mpaka wake, nguzo tano kama mpaka ni sita, polepole anausogeza mpaka. Anayekaa kitini, mpaka unamfuata kitini.

Hasira nazo ni mzigo. John Hunter, daktari bingwa wa upasuaji wa London, alikuwa na anjaina na alijua kwamba mtu yeyote wa kumuudhi anaweza kumuua. Mwaka 1793 alipandwa na hasira kwenye kikao cha hospitali yake, akafa. Hapa mjini, tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, ardhi imepanda bei na kesi za viwanja zimeingia kwenye kila ukoo. Baba mdogo alikuwa na yake. Kabla ya kila kikao cha familia muuguzi alimwambia aweke kidonge kimoja chini ya ulimi, akiwa ameketi, dakika chache kabla ya kuanza, kama anavyofanya kabla ya kupanda kilima. Sisi wanawe tukajifunza kushusha sauti.

Iliyobaki ni ile dakika ya kuacha kusubiri. Ikibana, acha kazi, kaa, weka kidonge kimoja. Zikipita dakika tano haijaachia, weka cha pili na watu waanze kutafuta gari. Zikipita tano nyingine, uwe njiani. Kama huna kidonge, au inakubana kwa mara ya kwanza, na kukaa hakujasaidia kwa dakika kadhaa, ondoka. Ikija na jasho la baridi, kutapika au kuzimia, usihesabu chochote. Asiye na mzio wa aspirini na asiyewahi kutapika damu atafune miligramu 300 akiwa njiani. Mgonjwa asiendeshe mwenyewe na asipakiwe peke yake nyuma ya bodaboda, akizimia ataanguka. Namba ya dereva mwenye gari mtaani iwe imeandikwa ukutani kabla ya siku hiyo. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga tumeweka namba 115 na utaratibu wa kuwafikisha hospitali. Tumeonyesha kwamba inawezekana. Sioni kwa nini baba aliyekabwa kifua saa nane usiku huko Mvumi aendelee kutegemea kama jirani mwenye gari ameamka.

Nasema haya tukiwa na bahati ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ina maabara ya kupitisha mrija kwenye mishipa ya moyo na kuizibua. Zamani safari hiyo ilikuwa ya Dar es Salaam, na kabla ya hapo ya India. Mashine iko kilomita chache kutoka Chang'ombe. Kati ya mashine na mwarobaini ndipo watu wanapopotelea. Watafiti waliowafuatilia waliofika idara ya dharura huko Moshi wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi walikuta kama mmoja kati ya watano ana tatizo la ghafla la mishipa ya moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa. Ugonjwa tuliouita wa wazungu na wa matajiri uko kwenye mabenchi yetu.

Nani afundishe? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaojua nani amesimama chini ya mti gani. Wapewe maswali mawili tu ya kuongeza kwenye orodha yao ndefu: kuna kazi inayokubana kifua au kukukata pumzi? Ukiacha, inaachia? Atakayejibu ndiyo mara mbili aandikiwe kwenda hospitali wiki hiyo. Na kwenye kliniki, lile somo la benchi libaki kama lilivyo, ila kila mwenye anjaina apewe dakika kumi zake pamoja na mtu anayeishi naye, arudishe somo kwa mdomo wake. Naambiwa muda hautoshi. Baba mdogo alitibiwa vidonda mara tatu, akanunua dawa za gesi mwaka mzima, akafanyiwa vipimo vya tumbo ambavyo havikuhitajika. Dakika za hayo yote zilipatikana.

Jumapili iliyopita nilimsindikiza tena. Tuliupita mwarobaini bila kusimama, na muuza mkaa akalalamika kwamba mzee siku hizi anapita kimya kama tajiri. Kwenye nguzo ya tisa akapunguza mwendo, akatoa chupa kwenye mfuko wa nje wa koti na kunionyesha maandishi ya kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyogundishwa juu yake, kwa kuwa macho yake hayasomi vizuri herufi ndogo.

"Imefunguliwa lini hiyo?"

Nikamsomea tarehe. Akahesabu wiki kwa vidole.

"Bado mbili," akasema, akaifunga, tukaendelea kuelekea sokoni.